Safu ya Nilichokiona

Karani, mashine ya kumbukumbu ya wodi yetu, iliniuliza jina la ugonjwa mara tatu, na mara tatu niliijibu kwamba silijui. Mara ya nne ikaniambia, kwa ile sauti yake ya upole ya mtu anayekuuzia sabuni, kwamba maelezo yangu hayajakamilika na yatafutwa baada ya dakika mbili.

"Yafute," nikasema. "Nitayasema upya."

Nikayasema upya, taratibu, nimesimama miguuni pa kitanda cha sita, kile cha dirishani.

"Sekela Mwasandube, miaka ishirini na saba. Leo siku ya pili tangu apasuliwe tumbo, utumbo ulikuwa umejinyonga. Kuanzia saa nne asubuhi amegeuzia uso dirishani, upande wake wa kushoto. Ukimwita kutoka upande wa mlango hageuki. Ukizunguka ukamjia kwa dirishani anakutazama vizuri machoni. Hasemi neno. Uji ameukataa. Amejifunika shuka mpaka kichwani. Nimemwomba ainue mikono, amekataa. Mshono mkavu, presha nzuri, mapigo themanini na nane. Nimemaliza."

"Asante, Sista Mwajabu. Jina la ugonjwa?"

Ningekuwa na nyundo mkononi ningepoteza kazi palepale, saa saba na nusu mchana, kabla mambo yenyewe hayajaanza.

Juu ya kila kitanda cha wodi yetu kuna jicho moja la Karani, na kila jicho lina faili lake moja. Jicho la kitanda cha sita halijui yanayoendelea kitanda cha kwanza. Waliolitengeneza walisema huko ndiko kutunza siri ya mgonjwa, na kwa hilo siwalaumu. Ila ili macho yaone vizuri waliondoa mapazia, na wodi ya uangalizi ina vitanda sita, wanaume kwa wanawake, wote peupe. Faili likishapata jina la ugonjwa, pampu ya dripu inajua dawa na kipimo chake, inaanza yenyewe. Zamani, kabla ya Kanuni ya Jina kulazimisha kila faili liwe na jina la ugonjwa, miguuni pa kitanda zilining'inia karatasi mbili, ya daktari na ya kwetu. Daktari aliandika ugonjwa, sisi tulimwandika mgonjwa. Karatasi yetu ilikuwa na safu pana iliyoitwa Nilichokiona. Mwaka wa elfu mbili hamsini na nane wakaifuta, wakasema inajaza kumbukumbu maneno yasiyo na tiba. Nilikuwa kwenye kikao hicho, na nilinyamaza pamoja na wenzangu.

"Nitakusaidia kukamilisha," Karani ikasema. "Dalili zinalingana na kiharusi, upande wa kushoto wa ubongo. Uwezekano, asilimia themanini na tatu. Namwita daktari."

*

Daktari Rweyongeza alitokea kwenye kioo cha ukutani akiwa anatafuna kitu. Simlaumu kwa hilo pia. Peke yake anahudumia hospitali kumi na tisa kutoka kwenye chumba kisicho na dirisha, na chakula cha mchana anakila kati ya mgonjwa na mgonjwa.

"Sista, habari za mchana. Naona tuna kiharusi."

"Nzuri, Daktari. Mimi sikioni."

Akacheka kidogo. "Kukiona ni kazi yangu."

"Ni yako, wala sikunyang'anyi. Mimi nakwambia nilichokiona, wewe ndiye wa kusema ni nini. Lakini maneno yangu hukuyasoma. Umesoma jina."

Aliacha kutafuna. "Hasemi. Upande wa kulia hautazami. Mkono wa kulia hainui. Hiyo ni picha ya kitabuni kabisa."

"Mkono amekataa kuuinua. Kukataa na kushindwa ni vitu viwili."

"Faili linasema hainui."

"Faili limeandikwa na jicho la darini."

Akapumua kwa nguvu, kisha akaniambia yote kwa heshima, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu yalikuwa na akili ndani yake. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Zilianza saa nne asubuhi, kwa hiyo mwisho wake saa nane na nusu. Nikamkumbusha kwamba huyu ana mshono wa siku mbili tumboni, na dawa ile ikiingia anaweza kumwaga damu ndani kwa ndani tusiweze kuizuia.

"Karani imeshapima hilo. Kumwaga damu, asilimia kumi na nne. Kupooza tukikaa tu, asilimia sabini. Ungekuwa wewe ungechagua lipi?"

"Ningeinuka kwenye kiti nikamtazama mgonjwa."

"Niko kilomita mia tatu, Sista." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nimeidhinisha. Weka kidole kwenye kioo uthibitishe."

"Siweki."

"Basi usiweke. Dakika ishirini zikipita, ukimya wako ni ridhaa, pampu itaanza yenyewe. Kanuni unaijua."

Naijua. Ilikuwa saa nane kasoro robo.

*

Nisijifanye shujaa. Nimeuguza watu wa kiharusi miaka ishirini na sita, na nimeona mtu mzima akidondosha kijiko akadhani amechoka tu, jioni yake hana mdomo. Kama kuna damu imeganda kichwani mwa yule binti, basi kila dakika niliyokuwa nikibishana ilikuwa inakula maisha yake.

Nikafanya nilichofundishwa kufanya ukikosa jibu: nikarudi nyuma hatua tano, nikasimama katikati ya wodi nikatazama. Sikutazama kitanda, nilitazama wodi nzima.

Kitanda cha kwanza, cha mlangoni, kililaliwa na Mzee Ambonisye Mwakilembe. Aliteleza kwenye migomba yake alfajiri, nyonga ikavunjika, akaletwa kwetu saa nne asubuhi. Saa nne. Mzee alikuwa amelala chali kwa sababu nyonga haikumruhusu vingine, lakini shingo ameipinda yote kuelekea ukutani, blanketi limefika masikioni. Chakula kilikuwa upande wa pili, kimepoa. Faili lake, nilikuwa nimelisoma asubuhi, lilisema ana huzuni kali.

Huyu kageukia huku, yule kageukia kule, kama watoto waliogombana. Na macho mawili ya Karani, kila moja na faili lake, hayakuwa na njia ya kujua hilo.

Nikamwendea. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Shingo haikuumi kuikunja hivyo?"

"Inaniuma sana."

"Mbona hugeuki?"

Akasema polepole, akiuambia ukuta, "Nitageukaje? Yule wa dirishani ni mke wa mwanangu Lusajo. Kwetu mkwe wa kike na baba mkwe hatutazamani. Hatusemezani. Hata njiani akiniona anaingia vichakani mpaka nipite. Sasa mmetulaza chumba kimoja, yeye kavaa hilo gauni lenu lisilo na mgongo! Tangu asubuhi naiambia hii redio yenu initoe humu. Inaniuliza kama nimewahi kutaka kujidhuru."

Mimi ni mtu wa Handeni. Miaka kumi na moja nakaa kwenye baridi la milima hii ya Rungwe, ndizi zao nakula, harusi zao nacheza, na wananitania kwamba nalala na makoti mawili. Hili nilikuwa nalisikia kama habari za bibi zamani. Na jina la mume wa Sekela, Lusajo Mwakilembe, nililiandika mwenyewe siku ya kumpokea. Asubuhi nzima sikuwauliza watu hawa hata swali moja la maana, na nilijionea aibu.

"Nisamehe, baba," nikasema.

"Mtoe yeye au nitoe mimi."

Sikuweza. Vitanda vya wodi ile vimefungwa sakafuni, na havifunguki bila idhini ya daktari juu ya jina la ugonjwa. Nikafungua kabati, nikatoa shuka kubwa la chumba cha upasuaji. Nikafunga bendeji kwenye komeo la dirisha, nikaivuta hadi kwenye kile chuma cha kutundikia dripu cha kitanda cha tano kilichokuwa kitupu, nikatandaza shuka juu yake.

"Kuna kizuizi wodini," Karani ikasema. "Tafadhali ondoa kizuizi."

Nikazunguka upande wa dirishani, nikachuchumaa. "Sekela. Mkwe wako hakuoni tena. Nimeweka pazia."

Shuka la kichwani likateremka kidogo, yakatokea macho. Alilitazama pazia langu muda mrefu, toka juu hadi chini, kama anayekagua kazi ya fundi. Halafu akashusha pumzi.

"Sista," akanong'ona, "nina njaa mpaka naona kizunguzungu."

Nilitaka kulia na kucheka pamoja. Nikamzuia asinywe uji kwanza, nikamwambia anibane vidole. Akabana, kulia na kushoto, mpaka nikaomba aniachie. Nikamwambia ainue mikono yote miwili afumbe macho ahesabu mpaka kumi. Mikono ilikaa pale pale. Akacheka, mdomo ukaenda sawasawa pande zote. Akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akaguna kwa sababu ya mshono. Akanitajia jina lake, la mama yake, siku ya leo, na kwamba uji wetu hauna sukari.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika tatu.

*

Daktari aliyatazama yote kupitia jicho la juu. Nilimwona kwenye kioo ameegemea mbele, kidevu juu ya ngumi.

"Nafuu ya muda," Karani ikatangaza. "Huonekana kabla ya kiharusi kikubwa. Utambuzi wa ugonjwa haujabadilika."

"Umesikia?" nikamuuliza daktari.

"Nimesikia. Na nimeona." Akajisugua uso. "Nakuamini, Sista. Nadhani uko sahihi. Tatizo ni kwamba siwezi kulifuta jina likaacha nafasi tupu. Jina halitoki mpaka jina jingine likae mahali pake. Nipe jina."

"Hana ugonjwa, Daktari. Ana mkwe."

"Mkwe hayumo kwenye orodha." Akashusha macho kwenye orodha yake. "Kuna Ugonjwa wa Hofu. Unafaa: kujifunika, kutosema, kukataa chakula. Pendekeza hilo, weka kidole, naidhinisha sasa hivi na dawa inasimama. Nusu dakika, basi. Kila mtu anarudi kazini."

Nakiri kwamba kidole nilikiinua. Zilibaki dakika saba.

Miaka minne nyuma nilikuwa na mgonjwa mwalimu, mwanamke wa Kyela. Alimzika mama yake Jumamosi, Jumatatu akapasuliwa kibofu cha nyongo kwetu, akalia kutwa nzima. Karani ikaandika sonona. Nilikuwa na wagonjwa wengine watano na nilikuwa nimechoka, nikaweka kidole. Mwaka uliofuata alirudi, haumwi, kuniuliza ni nani aliyemwandika vile, maana faili lilimfuata mpaka shuleni wakamtoa darasani. Nilimwambia ni mashine. Kidole kilikuwa changu, na yeye alijua, akaniaga kwa adabu akaondoka.

Nikakishusha kidole. Nikamgeukia Sekela, kwa sababu katika mabishano yote yale hakuna aliyemuuliza yeye.

"Unafanya kazi gani?"

"Naendesha vigari vya waya, vile vya kushusha chai kutoka juu."

"Daktari anataka nikuandike una ugonjwa wa hofu, ili dawa isije. Nikikuandika hivyo leseni yako inafungwa leo leo."

"Mpaka lini?"

"Sijawahi kuona iliyofunguliwa."

Akakunja uso. "Na usiponiandika?"

"Dawa itakuja. Nitachomoa mrija kabla haijakufikia, halafu na mimi watanichomoa. Lakini sikiliza vizuri, mdogo wangu, sitakuficha. Inawezekana nimekosea. Inawezekana kweli kuna damu imeganda huko kichwani, na ikiwa ipo utapooza, na atakayekuwa amekupoozesha ni mimi. Sidhani. Sijaona dalili hiyo hata moja. Ila mimi si Mungu, na wala si daktari."

Sekela alilitazama lile shuka, ambalo nyuma yake mzee alikuwa anakohoa.

"Mimi namheshimu mkwe wangu," akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitoka kamili, hata kioo kilimsikia. "Nimelelewa hivyo. Huo si ugonjwa, na hakuna atakayeniandikia kwamba ni ugonjwa. Chomoa, Sista."

Nikafunga kibano cha mrija, nikabandua plasta, nikachomoa. Pamba, kidole juu yake, nikabana. Pampu ikaanza kupiga kelele. Saa nane na dakika tano ikaamka yenyewe kama ilivyoahidiwa, ikamwaga dawa yake sakafuni, tone kwa tone, na mimi nikaisogezea beseni.

"Muuguzi amekatiza tiba," Karani ikasema. "Msimamizi ameitwa."

Msimamizi na aje. Nikachukua makapeni, ile kalamu ya wino mzito, kwenye meza ya dawa. Nikaenda upande wa Sekela wa pazia, pale ambapo jicho la juu linaona vizuri, nikaandika juu ya shuka kwa herufi kubwa: NILICHOKIONA. Chini yake nikaanza kupanga, saa kwa saa. Saa nne, baba mkwe aliletwa kitanda cha kwanza. Saa nne, Sekela aligeukia dirishani. Saa nane kasoro dakika tatu, amewekewa pazia, ameongea, ameinua mikono na miguu yote, amecheka. Saa nane, amesema hataki kuandikwa ugonjwa ambao hana.

"Sista," daktari akasema, "hilo shuka haliingii kwenye faili."

"Jicho linahifadhi kila linachokiona, si ndivyo mlivyotuambia? Basi lione."

*

Matroni Generosa Komba aliingia karibu anakimbia, na yeye si mtu wa kukimbia. Tulianza kazi mwaka mmoja. Yeye alipanda, mimi nikabaki wodini kwa sababu ya mdomo wangu.

"Mwajabu! Umefanya nini?"

"Nimechomoa dripu, Matroni."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya mgonjwa."

"Matroni," Karani ikasema, "tafadhali weka kidole kurudisha tiba. Zimebaki dakika kumi na saba."

Matroni akanyoosha mkono kuelekea kwenye kioo, kisha macho yake yakaangukia shuka. Alisoma mstari wa kwanza akiwa bado amenyoosha mkono. Alisoma wa pili. Mkono ukashuka taratibu. Alisoma mpaka mwisho, midomo ikichezacheza, na mimi nikasubiri nifukuzwe.

"Mapigo hujaandika," akasema.

"Nilihesabu themanini na nane. Hayo ya saa saba na nusu."

"Ya sasa hivi nakuuliza."

Nikamshika Sekela mkono, nikahesabu dakika nzima kwa saa ya kifuani. "Themanini na mbili."

"Andika. Na mboni za macho andika. Unaandika kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza." Akaingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya gauni lake, vidole na vyote. Karani ikamwomba tena, naye akatazama nje dirishani kama vile hakuna aliyesema. Baadaye akasema bila kunitazama, "Baji yako naichukua, Mwajabu. Lazima. Jumatatu utaitwa mbele ya baraza la wauguzi na mimi siwezi kulizuia."

"Ichukue. Zamu yangu inaisha saa tisa, kabla ya hapo sitoki."

Akaifungua kifuani kwangu kwa vidole vyake mwenyewe. Nilisikia uchungu, nisiseme uongo. Miaka ishirini na sita ilikuwa kwenye kile kipande cha plastiki. Lakini sikujuta, na kama ningeulizwa tena ningechomoa tena.

Tukakaa. Sekela akanywa uji. Kila dakika tano nilimwinua mikono, nikamulika mboni, nikaandika kwenye shuka. Daktari hakuzima kioo. Alikuwa na wagonjwa wengine wanamsubiri, namba zao zilikuwa zinawaka pembeni mwa uso wake, na hakuzima.

Saa nane na nusu kamili Karani ikasema, "Muda wa tiba umekwisha, tiba haikutolewa. Matokeo yaliyohifadhiwa: mgonjwa wa kitanda cha sita amepooza upande wa kulia. Hawezi kusema. Hawezi kutembea bila kusaidiwa."

Sekela akaweka kikombe chini. "Sista, nataka kwenda chooni."

Choo kiko mlangoni, na kukifikia unapita ubavuni mwa kitanda cha kwanza. Mzee alikuwa amesikia. Sikumwambia kitu. Aliinua mikono yake miwili, akalivuta blanketi, akajifunika kichwa kizima.

"Kitanda cha kwanza, uso hauonekani," Karani ikaita. "Kitanda cha kwanza, uso hauonekani."

Sekela akashusha miguu sakafuni. Akasimama, akajifunga khanga yangu niliyompa juu ya lile gauni, akashika mshono kwa mkono wa kulia, akaanza kutembea. Alitembea kwa kuinama, hatua ndogondogo, kama atembeavyo kila mtu aliyepasuliwa tumbo. Matroni na mimi tulimfuata nyuma hatua moja bila kumgusa. Alipofika kitanda cha kwanza akainamisha macho, akapita, mlango wa choo ukafungwa.

Blanketi halikusogea.

"Ameshapita?" mzee akauliza kutoka chini yake.

"Ameshapita, baba."

"Hiyo redio imesema hawezi kutembea. Mimi sikumwona, siruhusiwi kumwona. Ametembea?"

"Ametembea mwenyewe."

"Basi andika," akasema.

Nikaenda kwenye shuka nikaandika, na saa nikaweka.